Kidole Changu kwenye Sinia la Posa

Nasema mwenyewe kabla Kasule hajaniwahi, maana yeye akisimulia huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki: ndiyo, ni mimi yule aliyetembea hapa Kampala kutoka Kamwokya hadi Kyebando mchana kweupe amevaa buibui la mama yake, na ndiyo, nusura niposwe. Chekeni, chekeni mmalize, kisha mkae mnisikilize, kwa sababu hadithi inayozunguka shuleni imekatwa kichwa na miguu, na mimi sikuzaliwa na buibui, nililifikia hatua kwa hatua, na kila hatua ilionekana ya busara kabisa (kwangu).

Chanzo ni pete. Kwa akina Zuhura, kule Kyebando, binti haposwi kwa maneno matupu, anaposwa kwa pete ya dhahabu yenye herufi ya kwanza ya jina lake iliyopangwa kwa vipande vya almasi, tena iwe imetengenezwa kwa ajili yake, si ya kuokota dukani. Bibi yake anayo, ina M, imeliwa na miaka lakini ile M bado inamulika ukiizungusha juani. Marehemu mama yake alikuwa nayo. Shangazi zake wanazo. Nilimwuliza yule Bibi siku moja (mimi huuliza, ndio ugonjwa wangu) kwa nini wanajisumbua, pete si pete tu, naye akanitazama kama mtu niliyemtemea kwenye mchuzi. "Dhahabu isiyo na jina, mjukuu wangu, ni ya kila mwenye mkono mrefu," akasema. "Hii hata mtu akiiba, ataivaa wapi?"

Sasa kaka yangu Salimu, ambaye ni fundi redio na mali yake ni koleo na mapenzi, alimtaka Zuhura, na Zuhura alimtaka yeye (sijui kwa nini, lakini nimeambiwa hayo si ya umri wangu), ila almasi hakuwa nazo. Mama ndiye aliyekuwa nazo, masikioni. Akavua herini alizoachiwa na mama yake, akazipeleka kwa sonara zikavunjwe, na tangu siku ile akawa anatia vijiti vya ufagio kwenye matundu ya masikio yasije yakaziba. Hakusema neno. Sisi kwetu ni watu wa zamani wa pwani, babu wa babu alikuja na misafara akaoa akasahau kurudi, kwa hiyo nyumbani tunasema Kiswahili cha adabu, cha kuomba maji, si kile cha askari cha kuamrishwa ulale chini barabarani, na katika Kiswahili hicho mama akinyamaza ujue amesema mengi.

Na haraka yote hii ilitoka wapi? Ilitoka Naguru. Kapteni mmoja wa jeshi anayekaa huko alimwona Zuhura akitoka sokoni, akapunguza mwendo wa gari. Hilo tu. Gari la namna ile likipunguza mwendo kando ya binti, nyumba nzima hailali. Baada ya siku chache akaleta salamu kwamba Jumamosi jioni shangazi yake atakuja kuposa, na hakuwa ameuliza, alikuwa ametoa taarifa. Baba yake Zuhura ni mtu mpole mwenye duka lenye rafu nyingi na vibiriti vichache, hawezi kumwambia Kapteni hapana, mimi sijui mtu aliyemwambia Kapteni yeyote hapana akaendelea kuonekana mtaani. Lakini angeweza kusema: samahani bwana mkubwa, binti ana pete ya watu. Kapteni ni Mwislamu na anapenda watu wamwone hivyo, hasa shangazi yake, ambaye wanasema ndiye kiumbe pekee anayemfanya avue kofia; na posa juu ya posa haifai. Basi pete ikiwa kidoleni mwa Zuhura kabla shangazi hajafika, amepona. Isipokuwapo, hajapona. Habari nzima ndiyo hiyo, hata Kasule hawezi kuitia chumvi.

Nikatumwa mimi kuichukua kwa sonara, kwa sababu wanaume wakubwa wanapekuliwa na wanawake wanafunguliwa mikoba, lakini mtoto wa shule akiwa na sare na daftari anaonekana kama nyasi. Kwa hiyo nikavaa sare siku ya Jumamosi. Mama akanishonea kijifuko ndani ya kaptura.

"Itie humu. Usiitoe, usiitazame, usiipumulie."

"Ndiyo, Mama."

"Unasema ndiyo upesi mno, Shabani."

Sonara ni mzee mmoja wa Kihindi, katika wachache waliobaki baada ya wenzake kuondoshwa nchini, anafanya kazi chumba cha nyuma cha duka ambalo mbele yake sasa kuna askari anayeuza, ngoja nikumbuke, hauzi kitu, anakaa tu. Mzee akafunua pamba. Jamani. Mimi si mtu wa mapambo, mimi ni mtu wa mpira na kelele, lakini ile Z ilikaa pale juu ya dhahabu vijiwe vyake kama punje za sukari (zama zile tulipokuwa na sukari), na ukiisogeza kidogo inakukonyeza. Nikaelewa kwa nini akina bibi wanang'ang'ania. Ni kama mtu ameitwa jina lake bila kelele.

Nje Kasule alikuwa ananisubiri, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mtoto wa katekista na shetani wangu binafsi.

"Nionyeshe."

"Nimekatazwa."

"Sawa. Lakini umehakikisha ni almasi? Mwalimu wa sayansi si alisema almasi hukata kioo? Kama yule mzee ametia vipande vya chupa, utampelekea yule Bibi chupa, Shabani? Siku kama ya leo?"

Hapo ndipo, ndugu zangu. Hapo ndipo ningesema, Kasule, nyamaza, twende nyumbani. Badala yake nikaona kwamba ni wajibu wangu kwa ukoo kuijaribu. Tukaingia uchochoro, tukaokota chupa tupu ya soda, nikajaribu kukwaruza nikiwa nimeshika pete kwa ncha za vidole, ikateleza, nikaitia kwenye kidole cha pete nusu tu, ishike vizuri, nikakwaruza tena, na wallahi chupa ikalia kriii ikaandikika. Nikaandika S. Kasule akataka K. Nilikuwa katikati ya ile K lori la askari likakata kona, na mimi kwa hofu, badala ya kuivua, nikaisukuma ndani mpaka ikavuka fundo la kidole, nikafumba ngumi, tukasimama kama watu wanaosoma ukuta.

Lori likapita. Nikafumbua ngumi. Nikavuta. Pete ikafika kwenye fundo ikasimama.

"Vuta," Kasule akasema.

"Navuta."

"Vuta kama mwanamume."

Nikavuta kama mwanamume, kama wanaume wawili, Kasule naye akavuta, na kidole kikaanza kukasirika. Tukasema tutaivua nyumbani. Tukaondoka mbio mbio, mkono mfukoni, nikipiga mluzi ili nionekane sina jambo (mtu asiye na jambo hapigi mluzi, nimejifunza), hadi karibu na uwanja wa gofu ambako askari walikuwa wamefunga kamba kati ya mapipa mawili.

"Wewe! Toa mukono mufukoni!"

Nikatoa ule mwingine.

"Hiyo ingine!"

Nikatoa. Jua nalo, ambalo asubuhi nzima lilikuwa nyuma ya mawingu, likachagua dakika ile. Z ikawaka.

"Nini hiyo?"

"Pete, afande."

"Ya nani?"

"Ya mchezo wa kuigiza, afande. Wa shule. Mimi ndiye malkia."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Kasule alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa.

"Wewe? Malukia?"

"Shuleni kwetu hakuna wasichana, afande."

Akacheka mpaka bunduki ikatikisika, akamwita mwenzake, njoo uone malukia hapa, na kwa muda nikadhani nimepona. Kisha akaacha kucheka. "Toa hiyo pete."

"Haitoki, afande."

"Kila kitu inatoka."

Akavuta. Akazungusha. Akaweka buti kwenye pipa apate nguvu, akavuta tena, nikaona nyota ambazo si za kwenye bega lake. Halafu (na hili ndilo huwa naruka nikisimulia, lakini leo nimeapa kusema yote) akakitia kidole changu mdomoni mwake kukilainisha. Mdomoni, jamani. Alikuwa amekula kitunguu. Nilisimama katikati ya barabara ya Kampala kidole changu kikiwa ndani ya mdomo wa serikali, nikawaza kwamba kama naye anawaza ninayowaza mimi, hakuna hata mmoja wetu atakayemwambia mkewe. Ikashindikana. Akatema, akatoa kisu.

"Tunakata kidogo tu."

Kasule akaanza kumwomba Bikira Maria kwa Kiganda, kwa sauti, nami ingawa si wa dini hiyo nikawa naitikia. Ndipo pikapu ikaja, nyuma imejaa matenga ya kuku, na yule mwenzake akapaza sauti, "Kuku!" Afande akanitazama, akatazama kuku, akapima moyoni mwake kilicho rahisi kutoka, akaniachia. Tulikimbia bila kugeuka. Sijawahi kumpenda kuku aliye hai namna ile.

Nyumbani kidole kilikuwa kimevimba kama gonja, ile ndizi nene ya kuchoma. Mama alikuwa anapanga sinia. Alikitazama, akanitazama, akakaa chini polepole.

Salimu akaja na koleo. "Niikate."

"Ukate nini?" Mama akauliza.

"Pete."

"Kata kidole. Pete haioti tena."

Msidhani alitania. Basi likaanza suala la sabuni, na hapa mtanielewa nyinyi nyote mliokuwapo, kwa sababu dawa ya pete iliyokwama kila mtu anaijua, ni sabuni, na sabuni katika Kamwokya nzima haikuwapo. Kasule akapita mlango kwa mlango. "Sabuni? Mwanangu, tunafulia majani ya mpapai." "Sabuni? Bambi, pole, niliiona Krismasi." Mafuta ya kupikia, hakuna. Samli, hakuna. Mjini hapa matajiri wapya wanaitwa mafuta mingi, na adhuhuri ile niliwaonea wivu wa kweli, sikutaka mengi, nilitaka ya kidole kimoja. Tukajaribu ovakado, kidole kikang'aa kikanukia vizuri na pete haikusogea. Tukajaribu maji baridi, majani ya mpapai, dua. Jirani mmoja akashauri nifungwe uzi, mwingine akashauri nichapwe, na huyu wa pili ndiye aliyesikilizwa.

Adhana ya adhuhuri ikapita. Mama akasimama.

"Pete itakwenda. Kama haiendi bila Shabani, basi Shabani atakwenda nayo. Labda kwa Bibi kuna tone la mafuta."

"Mama, kule ndani ni kwa wanawake."

"Najua," akasema, na macho yake yakaenda kwenye msumari ambako lilitundikwa buibui.

Niliomba. Nililia kidogo. Nilisema nitatembea kwa mikono. Nikavishwa, nikafungwa ushungi na kitambaa cha uso, yakabaki macho tu, na sinia likawekwa kichwani mwangu lenye kanga, udi na tende chache, limefunikwa kitambaa cha darizi, na mkono wangu wa kulia ukapitishwa chini ya kile kitambaa kana kwamba nashikilia sinia lisianguke. Ilikuwa akili kubwa, nampa Mama haki yake: pete ilikuwa kwenye sinia, kama desturi inavyotaka, ila ilikuja na mtu.

Tukaondoka na ngoma, Mama na majirani zake wanne mbele, mimi nyuma, vigelegele njia nzima. Mama alikuwa akinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Tembea kama mtu."

"Kwani natembeaje?"

"Kama mwenye mpira mbele yake. Na funika hivyo viatu."

Viatu vilikuwa vya shule, vyeusi, vya kamba. Kila nikivificha vilichungulia. Mkono umeinuliwa juu njia nzima ukaanza kufa ganzi, jasho likaniingia machoni, na kila gari lililotoka upande wa Naguru lilinifanya nitake kukojoa.

Kwa Bibi wanawake walikuwa wamejaa chumbani, Zuhura amekaa juu ya mkeka amefunikwa kanga kichwa kizima. Nikakaa, sinia mapajani, mkono bado chini ya kitambaa. Mpango ulikuwa Mama amnong'oneze Bibi kwanza, watume watu jikoni wakatafute mafuta, mambo yamalizwe kimya kimya. Lakini Bibi alikuwa amekaa tangu asubuhi akisikiliza magari. Hakungoja kunong'onezwa. Kabla Mama hajamaliza salamu alishika ncha ya kitambaa, akasema "Bismillahi," akakifunua chote.

Mbele ya macho ya Kyebando nzima, juu ya kanga na tende, ulilala mkono. Umevimba, wa zambarau, na kwenye kidole pete ya Z.

"Wamekata mkono wa mtu!"

Sijui nani alipiga ukelele, lakini wote walimwamini mara moja, na msiwacheke, katika mji wetu wa siku zile hakuna aliyeona ni ajabu. Mmoja akaanguka. Mwingine akaruka dirisha (dirisha lilikuwa dogo, alibaki hapo). Nikaona lazima niwatulize.

"Haukukatwa, mama zangu," nikasema. "Uko kwangu."

Nikasema kwa sauti yangu. Hii niliyo nayo.

Bibi akasogea, akanyanyua kitambaa cha uso wangu kwa vidole viwili kama anayefunua sufuria iliyoungua, akanikagua.

"Huyu ana ndevu," akasema.

Nakiri kwamba katikati ya aibu ile nilifurahi kidogo, kwa sababu hadi siku ile hakuna mtu aliyewahi kuziona. Chini ya kanga Zuhura alikuwa anatetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka mkeka unasogea, na Mama naye akaanza kueleza, chupa, lori, kuku, na Bibi akauliza jikoni kuna mafuta? Hayapo, hata maandazi yamechomwa makavu. Na ndipo nje gari likapunguza mwendo.

Hakuna aliyesogea. Mlango wa gari ukafungwa. Mwingine ukafungwa. Zuhura aliacha kucheka, akaufunua uso, na nikauona, na tangu hapo sikuweza tena kujifanya kwamba haya ni mambo ya kidole changu.

"Teremsha kitambaa," Bibi akaniambia. "Usikohoe hata kikohozi."

Shangazi wa Kapteni alikuwa amewahi, hakungoja jioni. Alikuwa mama mkubwa, mwenye heshima, kitenge kipya, na nyuma yake wasichana wawili wamebeba kitu ambacho chumba kizima kilivuta pumzi kukiona: mfuko wa sukari, debe la mafuta, na katoni nzima ya sabuni za mche. Nilitazama ile katoni jinsi wengine wanavyotazama Makka.

"Asalaam aleikum, mama zangu. Sisi nakuja na heri."

"Karibuni kwenye heri," Bibi akajibu. "Na pete mmekuja nayo? Sisi desturi yetu ni pete."

Shangazi akatoa kijaluba cha mahameli. Pete ilikuwa nene, almasi zake kubwa kuliko zetu zote zikijumlishwa, zimejipanga herufi R. Ilipita mkono hadi mkono mpaka kwa Bibi. Bibi akaishika muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Hii ilitengenezewa mtu. Yuko wapi?"

Shangazi akatazama mkeka. Sote tulijua nyumba za Wahindi zilizobaki na vyombo mezani, wenyewe wameondoka na sanduku moja moja. "Mtoto yangu alinipa," akasema chini chini. "Mimi sikuuliza." Na kwa namna alivyosema, nilimwonea huruma, mimi ambaye ningepaswa kumwogopa.

"Basi," Bibi akasema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mwenye karamu, "kabla ya maneno watu wananawa mikono. Mmetuletea sabuni, tuifungue kwa baraka zenu. Wewe, mrefu, lete birika na beseni."

Mrefu ndiye mimi. Nikaleta. Bibi akakata kipande cha mche, akakitia majini, kwanza akamwosha Shangazi kwa taadhima, kisha akaushika mkono wangu, "wewe nawe, mkono huu umetoka jikoni," akaanza kuusugua. Ewe sabuni! Povu likapanda hadi kwenye kiwiko. Mkono ulikuwa umekaa juu njia nzima na uvimbe umepungua kidogo, na yule bibi ana vidole kama koleo la Salimu, akasukuma, akazungusha, nikauma kitambaa cha uso, kitu kikapita fundo kwa uchungu wa kuzaa, na ndani ya beseni, mbele ya magoti ya Shangazi wa Kapteni, ikasikika: ting.

Bibi akatia mkono, akaitoa, akaifuta kwa kanga, na kwa mwendo ule ule, bila haraka, mbele ya macho yetu yote, akamvisha Zuhura. Ikaingia kama iliyozaliwa pale.

"Tulikuwa tunaisafisha," akasema. "Mtusamehe, dada yetu. Binti ana pete ya watu."

Shangazi akauchukua mkono wa Zuhura. Akaipitisha ncha ya kidole chake juu ya ile Z, punje kwa punje. Hakuwa mjinga. Alilitazama beseni, akamtazama Bibi, na nje dereva alikuwa anapiga honi ya kuchoka.

"Hii ni yake," akasema mwishowe. "Hii ilitengenezwa kwa yeye. Posa juu ya posa mimi siwezi. Nitamwambia mtoto, na yeye atanisikia."

Mama akaanza kulia bila sauti. Na mkasa ungeishia hapo, kwa heshima, kama Shangazi asingegeuka.

"Na huyu murefu? Yeye hana pete."

Akanitazama mkono.

"Mukono yake imevimba kwa kazi. Napenda musichana ya kazi. Anaitwa nani?"

"Huyo..." Mama akasema, "huyo ni bubu."

"Bubu!" Uso wa Shangazi ukang'aa. "Basi huyo ndiye. Kapteni nachukia maneno mingi. Funua uso, binti yangu, nione."

Akanyoosha mkono. Nami nikafanya uamuzi wangu wa pili siku ile, na sijauombea radhi: nikaruka. Nikapita jikoni, nikamruka mbuzi, nikaingia migombani, nikatokea barabarani mbele ya pua ya lile gari, na dereva akatoa kichwa, "Dada! Dada muzuri! Ingia nakupeleka!" Nikapandisha buibui hadi kiunoni nipate kukimbia, ikaonekana kaptura ya kaki, soksi za shule na miguu hii mnayoijua, na yule dereva (Mungu amsamehe) alitoa macho akarudisha kichwa ndani polepole kama kobe. Nikakata kona kwenye kiwanja. Kiwanjani timu yetu nzima ya shule ilikuwa inafanya mazoezi. Mpira ulisimama. Kasule, ambaye angeweza kunyamaza, ambaye rafiki yeyote angenyamaza, akaweka mikono mdomoni:

"Shangilieni Malkia!"

Tangu Jumatatu ile mnaniitaje, mnajua wenyewe. Hata mwalimu wa zamu alikosea akaandika.

Kapteni hakuja. Wiki nyingi tulilala tukihesabu magari kwa masikio, na mimi nilikataa kabisa kukaa barazani, asije Shangazi akapita akitafuta bubu wake. Baadaye ikasemekana Kapteni amehamishiwa mpakani, hatukuuliza upande gani. Sukari na mafuta akina Zuhura walivirudisha kwa adabu, ila Bibi alishikilia kwamba sabuni iliyokwisha kulowa hairudishwi.

Basi nimeapa, na mashahidi ni nyinyi: mimi na kitu chochote chenye tundu la duara tumeachana. Siku nikioa mke wangu avae pete zote mbili, herufi yake na yangu, mimi nitasimama kando. Juzi tulikuwa tunakula kwa Salimu, wageni wamejaa, na Zuhura, ambaye barabarani huigeuza pete yake vijiwe vikaangalia kiganjani ili visionwe na mtu, akiwa ndani mwake akaigeuza nje, akaivua, akaninyooshea mbele ya wote, uso mkavu kabisa.

"Shemeji, hebu jaribu. Labda umekonda."

Nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikamwomba Mama anilishe.